Charles Balvo: Balozi wa Papa katika miaka migumu ya Garissa

Askofu Mkuu Charles Daniel Balvo alikuwa balozi wa Papa nchini Kenya kuanzia mwaka 2013 hadi 2018. Miaka hiyo sisi wa mwambao hatuhitaji kukumbushwa. Westgate ilikuwa Septemba 2013. Machi 2014 waumini walipigwa risasi ndani ya kanisa hapa Likoni. Juni mwaka huo ikawa Mpeketoni, Novemba na Desemba ikawa Mandera, na Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mtu aliyeletwa Nairobi kufanya kazi ya karatasi na itifaki alijikuta kila miezi michache akiiandikia Roma habari za maiti.

Jina lake halijulikani sana huku kwetu. Wakatoliki wa Mombasa, Malindi na Garissa walimwona kwenye misa kubwa za kuwekwa wakfu maaskofu, na wengine wakalisikia redioni Papa Francis alipokuja. Waislamu, ambao ndio wengi Garissa na ndio wengi katika miji yetu mingi ya mwambao, hawana sababu ya kumjua. Hata hivyo ofisi aliyoishika inatugusa kuliko tunavyodhani, na habari zake hazijaandikwa kwa Kiswahili kwa namna ya kumsaidia mtu asiye Mkatoliki kuelewa. Makala hii inajaribu kufanya hivyo.

Balvo alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 29 Juni 1951. Alipewa upadri mwaka 1976 katika Jimbo Kuu la New York, na mwaka 1987 akaingia katika utumishi wa kibalozi wa Vatican. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya mizigo na viwanja vya ndege: Ghana, Ecuador, Chile, Jamhuri ya Czech, Jordan, Lithuania. Kati ya vituo hivyo kile cha Jordan ndicho kinachovutia macho yangu. Huko Wakristo ni wachache sana ndani ya nchi ya Kiislamu, wana makanisa yao na shule zao, na wamejifunza kuishi na majirani zao kwa karne nyingi. Padri aliyepita Jordan hawezi kushangaa akiiona Garissa.

Aprili 2005 aliteuliwa kuwa askofu mkuu na balozi wa Papa New Zealand, akisimamia pia visiwa vingi vya Bahari ya Pasifiki kama Fiji, Samoa, Tonga, Kiribati na Vanuatu. Alikaa huko hadi Januari 2013, ndipo akatumwa Nairobi. Ofisi ya Nairobi ina kofia zaidi ya moja: balozi aliyeko pale ni balozi kwa Kenya, na pia ni mwakilishi wa Vatican katika mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Gigiri, lile la mazingira na lile la makazi. Mwisho wa 2013 akaongezewa kofia ya tatu. Tarehe 21 Desemba alitangazwa kuwa balozi wa kwanza wa Papa Sudan Kusini. Vita vya Juba vilikuwa vimelipuka tarehe 15 mwezi huo huo. Siku sita tu.

Hapa lazima tusimame kidogo tueleze kazi yenyewe, maana watu huichanganya.

Vatican ni dola dogo kuliko yote duniani, hekta 44 tu, eneo ambalo mtu mzima anaweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Lakini kinachotuma mabalozi si kile kipande cha ardhi. Ni Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa kama kiongozi wa Wakatoliki wote, na mamlaka hayo yana uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 180. Nchi za Kiislamu zimo pia. Kuwait ilianza uhusiano huo miaka ya 1960, na Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilikubaliana na Vatican kuanzisha uhusiano kamili Februari 2023. Kwa hiyo si jambo la Wakristo peke yao.

Balozi wa Papa huitwa nunsio, neno la Kilatini lenye maana ya mjumbe. Ana kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ile ya balozi yeyote: kuzungumza na serikali, kuhudhuria sherehe za taifa, kupeleka ujumbe na kuleta majibu. Hana jeshi, hana biashara ya kutetea, hana viza za kazi za kugawa, na hiyo humfanya aongee kwa uhuru fulani ambao balozi wa nchi kubwa hana. Ya pili inalihusu Kanisa lenyewe, nayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Kiti cha askofu kinapobaki wazi, nunsio ndiye anayeuliza uliza kwa siri, mapadri, watawa na walei, ni nani anafaa. Hukusanya majibu, huandika majina matatu, huyapeleka Roma pamoja na maoni yake. Papa ndiye anayeamua, lakini anaamua akisoma karatasi iliyoandikwa Nairobi.

Na nunsio mwenyewe ni askofu mkuu asiye na waumini. Hupewa jina la jimbo lililokufa zamani ili cheo chake kiwe na mahali pa kukaa. Balvo aliitwa Askofu Mkuu wa Castello, jimbo la kale la Venice ambalo halipo tena. Kuna kitu cha upweke katika mpango huo. Mtu anakuwa mchungaji kwa jina, halafu anatumia miaka thelathini akisaidia wengine wapate kundi la kuchunga.

Mombasa ilivyoanza

Wapwani wachache wanajua kwamba kazi hii katika Afrika Mashariki ilianzia kwetu. Mwaka 1927 Roma ilimtuma Mwingereza Arthur Hinsley kuzunguka makoloni ya Kiingereza barani Afrika na kukagua hali ya misheni. Mwaka 1930 alifanywa mwakilishi wa kudumu wa Papa, akapewa cheo cha askofu mkuu, na makao yake yakawekwa Mombasa. Si Nairobi. Mombasa ilikuwa na bandari, na barua za Roma na London zilifika kwa meli.

Hinsley anakumbukwa kwa agizo lake kwa wamisionari mwaka 1928 mjini Dar es Salaam. Aliwaambia kwamba pale wasipoweza kufanya vyote viwili, kuhubiri na kufundisha, basi shule zitangulie, kanisa lisubiri. Ukitaka kujua kwa nini shule nyingi za zamani za Afrika Mashariki zina majina ya watakatifu, jibu lake moja limo humo. Na ukitaka kujua kwa nini wazee wengi wa Kiislamu wa mwambao waliogopa kuwapeleka watoto shuleni wakati huo, jibu lake pia limo humo. Pengo la elimu lililotokana na hofu ile tunalilipia mpaka leo, na halikuishia Pwani. Lilipanda na Mto Tana hadi Garissa.

Ugonjwa ulimwondoa Hinsley Mombasa mwaka 1934. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Westminster na kardinali, sauti iliyojulikana Uingereza nzima wakati wa vita. Aliyemfuata, Antonio Riberi, alikuwa mwakilishi hapa hadi 1946, kisha akaenda China, ambako serikali ya kikomunisti ilimfukuza mwaka 1951. Ofisi ikahamia Nairobi, na katikati ya miaka ya 1960, Kenya ikiwa huru, ikageuka kuwa ubalozi kamili. Balvo alipofika Lavington mwaka 2013 alikuwa anakalia kiti kilichoanza kando ya bandari ya Mombasa.

Garissa kabla yake

Jimbo Katoliki la Garissa limeunganishwa na Pwani kwa kamba ambayo wengi hawaioni. Kwa mpangilio wa Kanisa liko katika mkoa mmoja na Mombasa na Malindi, Mombasa ikiwa mama. Lilianzishwa Desemba 1976 kama eneo la misheni, na sehemu ya ardhi yake ilikatwa kutoka Mombasa. Mwaka 2000 lenyewe likakatwa, pamoja na Mombasa, ili kuunda Jimbo la Malindi ambalo sasa lina Lamu na Tana River. Kwa hiyo Mkatoliki wa Lamu na yule wa Garissa ni watu wa nyumba moja iliyogawanywa vyumba.

Lilipandishwa kuwa jimbo kamili Februari 1984, na Mkapuchini kutoka Malta, Paul Darmanin, akawa askofu wake wa kwanza. Mwezi huo huo wa Februari, tarehe 10, vikosi vya serikali vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia idadi ya watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema waliokufa wanakaribia elfu moja.

Aliyewasaidia manusura na kuhakikisha habari zimefika nje alikuwa Annalena Tonelli, mwanamke Mkatoliki kutoka Italia. Hakuwa mtawa wala balozi. Alikuwa mwalimu aliyefika Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaanza kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu kwa mpango wa kuwaweka pamoja karibu na hospitali hadi wamalize dawa, jambo ambalo watu wa kuhamahama walikuwa hawaliwezi. Mwaka 1985 serikali ya Kenya ilimfukuza. Alikwenda kufanya kazi ile ile upande wa Wasomali wa ng'ambo ya mpaka, na Oktoba 2003 akapigwa risasi Borama. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwasaidia wakimbizi.

Namtaja kwa kirefu kwa sababu moja. Tunapozungumza juu ya Wakristo na Waislamu wa Kaskazini Mashariki, mara nyingi tunaanzia mwaka 2011, Kenya ilipoingia Somalia, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na kitu. Palikuwa na eneo lenye zaidi ya moja ya tano ya ardhi yote ya Kenya, lililotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya shifta hadi mwaka 1991, ambalo raia wake walihitaji vitambulisho vya ziada ili waaminiwe kwamba ni Wakenya. Waliouawa Wagalla walikuwa Waislamu, waliouawa na serikali yao. Aliyewalilia kwa sauti alikuwa Mkristo mgeni. Hesabu ya damu ya huko haina upande mmoja.

Wenyewe Wakapuchini walionja. Mmoja wao, Joseph Alessandro, naye wa Malta, alipigwa risasi na majambazi njiani mwaka 1993, akaponea chupuchupu. Miaka ilipita, akarudi. Mwaka 2012 Papa Benedict XVI alimteua kuwa askofu mwandamizi wa Garissa, yaani yule atakayerithi kiti moja kwa moja. Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, Jumapili asubuhi, wapiganaji walishambulia kanisa la AIC mjini Garissa kwa guruneti na bunduki, na kurusha guruneti kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Zaidi ya watu 15 waliuawa, wengi wao AIC. Baada ya hapo viongozi wa Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, walitangaza kwamba vijana wa Kiislamu wangesimama kulinda makanisa ya Garissa siku za ibada.

Hali ilikuwa hiyo Balvo alipopewa barua ya kuja Kenya, miezi sita baadaye.

Alhamisi Kuu

Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ambayo Wakatoliki hukumbuka karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi wake. Alfajiri, kwenye saa kumi na moja na nusu, watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Waliwakuta baadhi ya wanafunzi Wakristo wakisali. Waliwatenganisha wanafunzi kwa dini na kuwaua wasio Waislamu. Ilipofika jioni waliokufa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wengi walitoka mbali: Magharibi, Kati, Nyanza, Ukambani, na huku Pwani. Walikuwa wamepelekwa Garissa na mfumo wa kugawa nafasi za vyuo. Walienda kusoma ualimu na biashara.

Kazi ya ubalozi siku kama hiyo haionekani. Hakuna picha ya nunsio akikimbia na machela. Kesho yake, Ijumaa Kuu, salamu za rambirambi za Papa Francis zilitumwa kwa Kardinali John Njue wa Nairobi, zikilaani unyama ule na kuzitaka mamlaka zishirikiane na watu wote kukomesha umwagaji damu. Jumapili ya Pasaka, mbele ya ulimwengu mzima, Papa aliwataja vijana wa Garissa katika ujumbe wake. Anayejua namna mambo hayo yanavyokwenda anajua kwamba Roma haipati habari zake kutoka televisheni tu. Ubalozi ndio wenye jukumu la kueleza kilichotokea, ni nani wa kuandikiwa, na ni neno gani linaweza kutonesha kidonda.

Je, hilo lilimsaidia nini mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe katika chumba cha maiti cha Chiromo? Moja kwa moja, hakuna. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Lavington iko mbali na Garissa kwa kila namna. Nimesikia Wakristo wanaofanya kazi Kaskazini Mashariki wakilalamika kwamba wakubwa wa dini, wa dini zote, huja na msafara, huongea kwenye vipaza sauti, kisha hupanda ndege kabla ya magharibi. Lawama hiyo ina haki yake.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sauti ya Papa ilikifanya, na sisi Waislamu wa Pwani tulipaswa kukiona mapema kuliko wengine. Haikusema kwamba hii ni vita ya Waislamu na Wakristo. Wiki ile Kenya ilikuwa imejaa watu waliotaka iwe hivyo. Wanasiasa walitaka kambi za Dadaab zifungwe ndani ya miezi mitatu, kana kwamba wakimbizi waliofika tangu 1991 ndio waliobeba bunduki. Eastleigh na hata Mombasa, mtu mwenye sura ya Kisomali alikuwa akisimamishwa barabarani. Neno moja lisilopimwa kutoka Roma lingekuwa mafuta juu ya moto.

Miezi saba baadaye Papa mwenyewe alikuja. Ilikuwa safari yake ya kwanza Afrika, na Kenya ilikuwa kituo cha kwanza, tarehe 25 hadi 27 Novemba 2015. John Paul II alikuwa ametutembelea mara tatu, 1980, 1985 na 1995, lakini hajawahi Papa kufika huku wakati wa hofu kama ile. Usalama ulikuwa swali lililoulizwa kila siku magazetini. Nunsio ndiye mwenyeji wa Papa katika safari kama hizo: Papa hulala ubalozini, hula ubalozini, na ratiba yote hupangwa kati ya Roma, serikali, maaskofu na nyumba ile.

Asubuhi ya tarehe 26, kabla ya misa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Papa alikutana na viongozi wa dini mbalimbali katika ukumbi wa ubalozi wenyewe. Mwenyekiti wa SUPKEM, Profesa Abdulghafur El-Busaidy, alizungumza kwa niaba ya Waislamu, na Askofu Mkuu Eliud Wabukala kwa niaba ya Waanglikana. Papa alitaja kwa majina Westgate, Chuo Kikuu cha Garissa na Mandera, akasema jina la Mungu halipaswi kamwe kutumiwa kuhalalisha chuki na ukatili. Kwangu mimi mkutano huo mdogo ulikuwa na uzito kuliko umati wa Kasarani. Ulifanyika sebuleni kwa Balvo, kama mwenye nyumba anavyowaita majirani wazungumze kabla jambo halijaharibika.

Siku ishirini na tano baadaye, tarehe 21 Desemba, wapiganaji walisimamisha basi karibu na El Wak, Mandera, wakawaamuru abiria wajitenge kwa dini. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa hivyo hivyo na watu 28 wakauawa, na siku chache baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika machimbo ya Koromey. Safari hii abiria Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akipinga, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Serikali ilimpa nishani ya heshima baada ya kifo chake. Sisemi kwamba hotuba ya Papa ndiyo iliyofanya hivyo. Watu wa lile basi hawakuhitaji kufundishwa ujirani na mtu wa Roma. Nasema tu kwamba mwaka ulioanza na Garissa ulimalizikia El Wak, na mtu anayeandika historia ya Kaskazini Mashariki lazima aviweke viwili hivyo kwenye ukurasa mmoja.

Waliobaki

Desemba 2015, Darmanin alistaafu akiwa ametimiza miaka 75, umri ambao sheria za Kanisa humtaka askofu atoe barua ya kujiuzulu. Alikuwa ameongoza Garissa miaka 31. Alessandro, yule wa risasi ya 1993, akachukua kiti. Upande wetu pia kulikuwa na mabadiliko ndani ya muda wa Balvo: Mombasa ilibaki bila askofu mkuu baada ya Boniface Lele kujiuzulu mwishoni mwa 2013, na Desemba 2014 Martin Kivuva Musonde, aliyekuwa Machakos, akateuliwa. Malindi iliongozwa na Emmanuel Barbara, Mkapuchini mwingine wa Malta, hadi alipofariki Januari 2018. Waliofanya kazi na maaskofu wa Pwani katika Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani, CICC, wanajua jinsi uteuzi wa mtu mmoja unavyoweza kubadili mazungumzo baina ya msikiti na kanisa katika mji mzima. Askofu mwenye subira akija, simu hupigwa usiku wa tukio na sheikh huipokea. Askofu mwenye hasira akija, simu hailii.

Ndiyo maana nasema kazi ya pili ya nunsio ndiyo nzito. Hotuba husahaulika. Mtu aliyewekwa Garissa hubaki Garissa akinunua maziwa kwa jirani yake.

Kazi hiyo ina hatari zake pia. Tarehe 29 Desemba 2003, Askofu Mkuu Michael Courtney, Mwairishi aliyekuwa balozi wa Papa Burundi, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari kusini mwa Bujumbura. Alikuwa amejitosa katika juhudi za kuwakutanisha wapiganaji. Huko Mogadishu, Askofu Salvatore Colombo aliuawa ndani ya kanisa lake mwenyewe Julai 1989, kabla hata serikali ya Siad Barre haijaanguka.

Wala si kazi ya Wazungu peke yao siku hizi. Augustine Kasujja wa Uganda alikuwa nunsio Algeria, Madagascar, Nigeria na mwisho Ubelgiji. Novatus Rugambwa, mwana wa Bukoba, alitumwa Angola, kisha Honduras, na mwaka 2019 akapelekwa New Zealand, kwenye kiti kile kile ambacho Balvo alikikalia kabla ya kuja kwetu. Rugambwa alifariki Roma Septemba 2025.

Balvo aliondoka Nairobi Septemba 2018, akarudi Prague, mji aliowahi kuutumikia akiwa ofisa wa chini, na Januari 2022 akateuliwa Australia. Nafasi yake Nairobi ilichukuliwa mwaka 2019 na Mholanzi Hubertus van Megen, aliyetokea Sudan na Eritrea.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki, madarasa yakabaki na watoto wasio na mwalimu wa hesabu wala sayansi. Watoto hao karibu wote ni Waislamu. Februari 2022 Alessandro alistaafu, na George Muthaka, Mkapuchini naye lakini mzaliwa wa Kenya, akawa askofu wa tatu wa Garissa na Mkenya wa kwanza kukalia kiti hicho.